Kidonge Kwenye Kisahani cha Bi Moina

Magoudjou, Moroni
9 Februari 1986

Mdogo wangu Mouhidine,

Assalaam alaykum, wewe na nyumba yako yote. Huku tumeamka salama, ila goti langu, na goti langu umeshalizoea. Mvua ilivuja jikoni, mume wangu Saïndou akapanda kwenye bati kuziba tundu moja, akashuka ametoboa mawili. Kofia yako nimefika nusu ya duara la juu. Nikipata uzi mzuri utaivaa Idi, inshallah.

Bahasha yako ya Desemba ilifika imeshafunguliwa na kubandikwa upya, tena vibaya. Basi wewe bwana unayefungua barua zetu, karibu, kaa kitako. Humu hamna siasa, mna mtu na mdogo wake. Na kama Kiswahili cha Unguja kinakushinda, pole, sisi ndicho tulichokulia hata tukafukuzwa huko baada ya Mapinduzi, na hatuandikiani kwa kingine.

Sasa wewe, Mouhidine. Mkeo kaniletea salamu kwa mdomo wa Youssoufa wa boti, na salamu zenyewe hazikunipendeza. Maanrifa anasema huli. Saa tisa za usiku u macho, na mchana unatazama ukuta. Mtambo wa kukeneka mafuta ya maua ya langilangi umewaachia wenzio wauwashe, wewe uliyekuwa humwachii mtu hata kuni apange. Ijumaa huvai kanzu kwenda msikitini.

Na hayo ningeyavumilia. Lakini anasema ulimwambia hivi: nyumba ni yako, kwa desturi ya huku nyumba ni ya mwanamke, mtambo ni wa kaka zako, basi mimi nikiondoka hakitapungua kitu.

Ukiondoka kwenda wapi, Mouhidine?

Habari ya mwanao siigusi, najua hutaki. Ila nijibu hilo moja.

Dada yako,
Roukia


Mutsamudu
1 Machi 1986

Dada,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Maanrifa anakusalimu. Mama mkwe, Bi Moina, mzima, anakusalimu. Mvua nyingi huku pia.

Maanrifa anakuza mambo. Nimechoka tu. Maua ya mwaka huu si mazuri.

Kofia usiharakishe.

Mouhidine


Magoudjou, Moroni
10 Machi 1986

Mdogo wangu,

Salamu na dua. Safari hii sina habari za bati.

Barua yako nimeisoma mara nne, yaani nimemaliza haraka. Mtu aliyekuwa akiniandikia kurasa sita kunieleza paka wa jirani leo ananipa mistari mitano, na ule wa mwisho ananiambia nisiharakishe kofia yake. Swali langu umeliruka kama dimbwi.

Sasa kaa chini. Kuna jambo nimekuficha miaka ishirini na minane. Ulikuwa na miaka kumi na miwili Mama alipokufa, ukaambiwa ni homa. Haikuwa homa. Mama aliacha kula, akaacha kulala, akaacha kusuka nywele zake, na sisi tukasema amechoka tu. Maneno hayo hayo yako. Tulimletea maua, tulimletea halua, hatukumletea daktari. Halafu siku moja akaondoka kwa mkono wake, na shangazi akatukusanya wakubwa akasema watoto wataambiwa homa. Nilikubali. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa ndani ya nyumba ile kila siku, Mouhidine, nikamwona kila siku, sikumuuliza.

Nakuuliza wewe.

Nilikwenda kwa daktari hapa, nikamwambia mimi ndiye mgonjwa, maana nilijua hatanieleza ya mtu mwingine. Nikataja dalili zako zote. Akaniambia, mama, huu ni ugonjwa, kama vile ini linavyougua na moyo unavyougua, na dawa yake ipo. Nikamwambia alhamdulillah, basi si mimi, ni mdogo wangu. Akacheka, akanisamehe. Anasema hata huko kwenu hospitali yuko anayejua kuitoa.

Nenda. Nakuomba kwa haki ya Mama. Usiponijibu napanda boti, na wajua bahari inavyonifanya.

Roukia


Mutsamudu
2 Aprili 1986

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako niliisoma kiwandani nimekaa juu ya magunia. Habari ya Mama sijaweza kuisemea. Nimeiweka. Usinihimize.

Nimekwenda. Maanrifa alinishika mkono mpaka mlangoni kama ananipeleka kutahiriwa.

Daktari aliniuliza mengi. Moyo umewahi kunisumbua? Mkojo watoka vizuri? Macho? Ninakunywa pombe? Ninameza dawa yoyote nyingine, hata ya mizizi? Nikamwambia Mwalimu Aboudou hunipa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Akasema hiyo endelea, na dua endelea, ila mtu akikuletea mizizi au vidonge vya usingizi vya jirani, usimeze kabla hujaniambia.

Kanipa vidonge vidogo. Kimoja kila siku baada ya isha, wiki mbili za kwanza, kisha atazame kama ataongeza. Kasema kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, nitalegea. Nikiamka niketi kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo nisimame. Nisikae karibu na moto wa mtambo mpaka nijue dawa inanifanyaje. Nirudi baada ya wiki mbili, au siku yoyote nikijiona nimezidi kuwa vibaya.

Nitakwambia kitu. Juzi waliniletea kikapu cha maua, ya alfajiri, yamefunguka vizuri. Niliinamisha uso humo. Sikusikia harufu, dada. Miaka kumi na saba naitafuta riziki kwa pua hii, na ilikuwa kama nimeinusa karatasi.

Mouhidine


Mutsamudu
14 Aprili 1986

Dada,

Salamu. Nimefanya upumbavu, na nakuandikia mwenyewe kabla Youssoufa hajakufikia.

Wewe kazi yangu hukuijua vizuri, basi nikueleze. Maua yakishaingia mtamboni na mvuke ukapanda, mafuta ya saa ya kwanza na ya pili ndiyo ekstra. Hayo ndiyo yanayokwenda Paris. Yanayofuata ni daraja la kwanza, kisha la pili, na mpaka kesho yake yanatoka ya tatu, ya kutia sabuni. Kizuri kinatangulia. Mkenekaji akiona saa mbili za mwanzo hazikutoa kitu, anajua maua yameharibika, anazima moto. Hangojei.

Nami nilimeza siku tisa. Kilichonijia ni ulimi mkavu kama jamvi, usingizi wa mchana, kizunguzungu. Nafuu hata tone. Nikasema kama hii ndiyo ekstra yake, hiyo sabuni itakuwaje? Nikaacha. Siku tatu sikumeza. Siku ya nne nikamsikia Maanrifa analia upande wa jikoni, nikaona haya, nikasema nijaribu tena lakini kwa nguvu. Nikameza vinne kwa pamoja, vitatu vya kulipia na kimoja cha siku ile. Alfajiri nikasimama ghafla kwenda kutawadha, nikaanguka. Nimepasua nyusi.

Na aliyeniokota ni Bi Moina. Wajua adabu ya mkwe ilivyo huku. Miaka kumi na minane niko nyumba moja naye, sijapata kumtazama usoni, akipita napisha, akisema najibu kupitia kwa Maanrifa nikiwa nimeinamisha kichwa. Leo kanikuta chini nguo zimenipanda. Alinifunika kwa shiromani aliyojitanda mwenyewe, akaita watu, wakanipeleka hospitali. Sikujua mahali pa kuuficha uso.

Mouhidine


Magoudjou, Moroni
22 Aprili 1986

Mpumbavu wangu mpenzi,

Alhamdulillah u hai. Nimeanza na hilo maana yanayofuata ni matusi.

Vinne! Ebo! Kwani deni hilo, ulipe malimbikizo? Nimekwenda kwa yule daktari wangu tena na barua yako mkononi. Safari hii hakucheka. Anasema kidonge kilichokupita kimepita, huongezi cha kesho. Anasema ungeweza kuutikisa moyo vibaya, na kwamba kuacha ghafla nako si kuzuri, mwili unataabika. Halafu nikamsomea habari ya mtambo. Akasema mwambie dawa hii inakeneka kinyume. Sabuni ndiyo inatangulia. Kinywa kikavu, kizunguzungu, hayo yanakuja wiki ya kwanza, na mengi hupungua. Ekstra inakuja ya mwisho, wiki ya tatu, ya nne, pengine ya sita. Anayezima moto siku ya tisa ametupa maua yake bure.

Umesikia? Uongezee kuni, ungoje.

Na jambo la pili, kasema wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia mtu, kwa sababu nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya moyo kutulia. Vidonge visikae mkononi mwako. Nimemwandikia Maanrifa, naye kanijibu kwa Youssoufa kwamba amechelewa, mama yake keshavichukua, kavifungia sandukuni mwake na ufunguo kaufunga kwenye ncha ya leso.

Sasa, Mouhidine, naliuliza kwa ukamilifu wake, maana Mama sikumuuliza. Je, unafikiri kujiua? Daktari kasema kuuliza hakumtii mtu wazo. Kinachomkalia ni kunyamaza peke yake. Nijibu hata kama jibu ni baya. Hasa likiwa baya. Na siku likikuzidi usingojee barua, mwamshe Maanrifa.

Kofia nimeikosea safu nzima, nimefumua.

Dada yako anayekupenda,
Roukia


Mutsamudu
5 Mei 1986

Dada yangu Roukia,

Assalaam alaykum. Hii sikuitia posta. Nimempa Youssoufa, aifiche kifuani.

Ndiyo.

Nilifikiri, tangu Januari, karibu kila siku. Nimemwambia Maanrifa, nimemwambia daktari, sasa nakwambia wewe. Daktari hakunikemea. Alivuta kiti karibu. Alianza upya na kile kidogo, kisha akaongeza taratibu, nami sasa kila wiki napita kwake. Wazo lenyewe limesogea. Lipo, ila halikai tena mbele yangu kwenye sinia.

Kila jioni tukishasali isha, Bi Moina anatuma kisahani chenye kidonge kimoja, na glasi ya maji imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Anayekileta ni Maanrifa. Nameza, kisahani kinarudi, na kutoka chumbani kwa Bi Moina nasikia sauti: "Kameza?" Maanrifa anajibu: "Kameza." Hayo ndiyo maongezi yetu mimi na mkwe wangu.

Ramadhani imekaribia, nilitaka kuacha. Daktari kasema kidonge changu ni cha usiku tangu mwanzo, nakimeza baada ya futari bila kuvunja kitu, ila ninywe maji mengi mpaka daku, na nikizidiwa nile, Mungu amempa mgonjwa ruhusa. Mwalimu Aboudou naye kasema hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi.

Sasa lile usiloligusa, la mwanangu.

Mwaka jana, walipokuja wale mamluki wa kigeni na askari wao, walimtaka Chanfi, kwa karatasi za kuipinga serikali zilizokutwa shuleni. Walikuja kwangu kiwandani. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, mwanao yuko wapi. Hakunipiga, dada. Hakuniinulia hata mkono. Nikamwambia. Nikasema yuko kwa rafiki yake Ambari, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Nikaonyesha na kwa kidole. Walimfunga miezi minne huko Moroni. Agosti wakamwachia, na mtoto hakurudi. Watu wanasema amevukia Mahore, kwa Wafaransa. Kama ningekuwa yeye, nami nisingerudi kwa baba kama mimi.

Hicho ndicho kilichokuwa kinanikalia. Maanrifa hakijui. Sasa unakijua wewe.

Mouhidine


Magoudjou, Moroni
1 Juni 1986

Mdogo wangu, nuru ya macho yangu,

Salamu. Nimechelewa karibu mwezi, na najua umehesabu siku. Nisamehe. Barua yako ilinitia kwenye mtihani, na mtihani wenyewe unakula futari mezani kwangu kila siku.

Chanfi yuko hapa. Yuko hapa tangu Agosti. Siku waliyomwachia alibisha mlango wangu akiwa na kiatu kimoja. Aliniapisha nisikwambie. Maanrifa anajua tangu Septemba, naye tulimwapisha, usimgombeze, amebeba mzigo wa watu watatu. Habari ya Mahore niliitunga mimi.

Hasira zako nazistahili. Mwenzio nikiona barua zako zinafupika nilitaka kusema, nikaogopa. Nikisema, mtoto atanikimbia na hapo tutakuwa hatumjui alipo kweli. Nisiposema, nawe unayeyuka. Nilikuhubiria usinyamaze, na mimi huku nimenyamaza. Nilikuwa mwongo kwako mara mbili, kwa Mama na kwa Chanfi, na yote nikiita mapenzi.

Barua yako niliificha siku kumi. Halafu nikampa. Ilikuwa mchana, amekaa kizingitini anapepeta mchele. Aliisoma, akairudia. Nilidhani ataichana. Akasema, "Kumbe na baba."

Nikamuuliza na baba nini. Ndipo akanieleza. Huko ndani walimuuliza nani mwenzio aliyezigawa zile karatasi. Siku ya pili akamtaja Ambari. Na Ambari akamtaja mwingine. Kila aliyeulizwa alisema, Mouhidine. Mwanao hakukukimbia wewe. Anaogopa kupita mbele ya nyumba ya tatu kutoka msikitini, akutane na mama yake Ambari. Na alikuwa na yakini kwamba wewe, mtu wa heshima zako, ukijua alichosema hutataka kumwona.

Ambari naye yuko nje, alhamdulillah, anafundisha watoto hesabu.

Nilimwambia nami sikuwahi kumwambia mtu ya Mama mpaka Machi. Tukalia wote wawili, Saïndou akadhani kuna msiba.

Anakuja na boti ya Youssoufa kabla ya Idi. Lakini sikiliza: mtoto si dawa. Usione furaha ukamrudishia Bi Moina kisahani. Moto bado unataka kuni.

Kofia analeta yeye.

Roukia


Mutsamudu
29 Juni 1986

Dada yangu,

Assalaam alaykum na Idi njema iliyopita. Sisi wazima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Mbuzi wa Idi alikimbilia kwa jirani, tukamfukuza mitaa miwili. Habari ya paka utaipata barua ijayo, ina kurasa zake.

Nilikuwa na hasira nawe siku tatu. Nilizihesabu. Ya nne zilikwisha.

Chanfi alishuka saa nne asubuhi. Amerefuka. Alinivisha kofia, ikanibana, nikamwambia shangazi yako amenishonea kichwa changu cha ujana, cha mwaka wa sitini na nne. Akacheka. Ndipo nikamshika. Siku ya pili tulikwenda wote wawili nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mama yake Ambari alitutazama sana, kisha akasema chai itapoa, ingieni.

Si kila siku ni njema. Jumatano iliyopita nililala mchana kutwa. Nilimwambia daktari, akasema nafuu haiji kwa mstari ulionyooka. Nitaendelea na vidonge miezi sita na zaidi hata nikijiona mzima, kisha yeye ndiye atakayenipunguzia kidogo kidogo. Nimekubali.

Jana jioni Maanrifa alikuwa kwa wifi yake. Nikangoja kisahani, hakikuja. Nikasema leo nimesahauliwa. Mara pazia likafunguka, akaingia Bi Moina mwenyewe, kisahani mkononi, macho chini. Nami macho chini. Akaweka. Akasimama pale pale mpaka nikameza. Kisha akasema, maneno ya kwanza kuniambia mimi bila mtu katikati, miaka kumi na minane: "Ungeondoka, nyumba hii ingepungua, mwanangu."

Nilimtazama usoni. Ana kovu dogo kidevuni, sikuwa nikilijua.

Na leo alfajiri nimekwenda kiwandani na Chanfi. Wameniletea kikapu. Nimeinamisha uso. Nimesikia harufu, hafifu, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya pili, lakini ni langilangi na nimeisikia.

Hii naitia posta, kwa makusudi, kwa ajili ya yule bwana anayefungua. Wewe ndugu, yetu umeyasoma tangu Februari, dawa yangu unaijua nusu, sasa ijue yote. Kama nyumbani kwako yuko asiyelala na asiyekula, usimwambie amechoka tu. Muulize. Mpeleke kwa daktari, umngojee wiki sita, na vidonge mpe mama mkwe avifunge. Kisha ibandike bahasha vizuri, dada yangu analalamika.

Mdogo wako,
Mouhidine